Mmenyuko wa Suzuki ndani ya maji: kazi ya safaktanti

Taka nyingi zinazotoka viwandani wakati wa kutengeneza dawa ni viyeyushi. Kimojawapo, dimethili fomamidi, hutumika sana kwenye mimenyuko inayotumia metali ya paladi kama kichocheo, na sheria za Umoja wa Ulaya zinakiweka kwenye kundi la kemikali zinazodhuru uzazi. Maji yangekuwa mbadala mzuri, ila malighafi nyingi za kemia ogania haziyeyuki ndani yake.

Kinachotatua hilo ni safaktanti. Kila molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Zikizidi kiasi fulani majini, hujikusanya mikia ikiwa ndani, zikaunda vifuko vidogo mno viitwavyo miseli, kama sabuni inavyozingira mafuta ya sufuria. Malighafi na kichocheo hukutana humo vikiwa vimesongamana, ndiyo maana mmenyuko mara nyingi hauhitaji kuchemshwa.

Safaktanti inayojulikana zaidi kwa kazi hii ni TPGS-750-M, iliyotangazwa mwaka 2011 na kundi la Bruce Lipshutz wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Imeundwa kwa vitamini E, asidi ya suksini na polyethilini glaikoli. Usijaribu kuweka sabuni ya vyombo badala yake: ina chumvi, rangi na manukato, na hutajua ni kipi kilichoharibu kichocheo.

Tuchukue mmenyuko wa Suzuki, ambao paladi huunganisha kaboni ya molekuli moja na ya nyingine, kati ya 4-bromoanisoli na asidi ya fenili boroni. Anza kwa kupitisha gesi ya agoni kwenye maji safi, ili kuondoa oksijeni, kwa nusu saa, kisha yeyusha gramu 2 za safaktanti kwenye gramu 98 za maji hayo, bado chini ya agoni. Fuata mpangilio huo. Ukipitisha gesi baada ya kuweka safaktanti, povu litapanda hadi mdomoni mwa chupa. Kwenye kichupa weka miligramu 94 za bromoanisoli, miligramu 92 za asidi ya boroni na miligramu 6.5 za kichocheo cha paladi chenye ligandi (molekuli inayoshikamana na metali) ya dtbpf. Ondoa hewa, ongeza mililita 1 ya myeyusho wa safaktanti na mililita 0.21 za triethilamini, ambayo ndiyo besi, kisha koroga kwa nguvu. Fuatilia kwa kromatografia ya sahani. Ukiona unasuasua, pandisha joto hadi nyuzi 45.

Kukoroga ndiko kunakowaangusha wengi. Zao la mmenyuko huu ni kigumu, na likianza kuganda hufunika malighafi na kuikwamisha sumaku. Mara nyingi dawa yake ni kuongeza asilimia 10 ya tolueni au tetrahidrofurani kwa ujazo. Bado unaokoa kiyeyushi kingi. Ukiona weusi mapema, mara nyingi oksijeni imeingia: paladi inajitenga kama unga mweusi, na asidi ya boroni huanza kuungana yenyewe kwa yenyewe.

Kuvuna ni rahisi. Zao gumu huweza kuchujwa baada ya kuongeza maji kidogo. Lisipochujika, likamue kwa mililita 1 ya kiyeyushi cha ethili asetati, nayo safaktanti itabaki majini tayari kwa mzunguko mwingine. Chumvi ya besi huongezeka kila mzunguko, kwa hiyo matumizi hayo yana kikomo.

Suala la maji yaliyobaki halipewi uzito unaostahili. Mililita 100 za maji huweza kubeba takribani gramu 8 za ethili asetati, mbali na paladi na safaktanti. Ukiyamwaga kwenye sinki, umehamisha uchafu tu kutoka pipa la kiyeyushi kwenda mtoni. Ndiyo maana kuchuja ni bora kuliko kukamua kila inapowezekana. Ikibidi ukamue, ondoa ethili asetati kwa kuvukiza, pitisha maji kwenye mkaa amilifu unase paladi, kisha yahifadhi kwenye chombo chenye lebo ya taka za metali mpaka yapimwe. Usiutupe mkaa huo. Paladi ni ghali na hurejeshwa.