Taji kwenye Bastola ya Sandukuni Si la Malkia

Huku Njoro, Kenya, wazee waliofanya kazi kwa walowezi wameacha masanduku ambayo hayajafunguliwa miaka mingi. Jirani alipofungua la marehemu babake, chini ya koti alikuta bastola ndogo ya kutosha kiganjani. Kila aliyefika alikuwa na dai lake kuihusu.

"Magazini imetolewa, haina risasi." Hili ndilo linaloua. Magazini, yaani kibebea risasi, ikitoka, risasi moja yaweza kubaki kwenye chemba, nafasi iliyo nyuma ya mtutu, na bastola nyingi za zamani hufyatuka vilevile. Watoto watoke chumbani, nayo iachwe ilipo. Alama zisomwe kwa macho tu.

"Ina taji, basi ni ya Malkia." Aliyekulia chini ya mkoloni akiona taji anawaza Mwingereza. Lakini Ubelgiji nayo ni ufalme. Taji juu ya umbo la yai lenye herufi ELG ndani yake ni muhuri wa kituo cha kujaribia silaha cha Liège, mji wa huko: mtutu ulipigwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida na haukupasuka. Wajerumani pia waliwahi kugonga taji juu ya N. Muhuri wa namna hii huonyesha silaha ilikojaribiwa. Aliyeitengeneza unamtafuta kwingine.

Na hapo ndipo jina Browning linapowapoteza wengi. John Browning alikuwa mbunifu, Mmarekani wa Utah. Bastola yake ya mfukoni ya modeli ya 1906 ilitengenezwa na kampuni ya Fabrique Nationale (FN) huko Herstal, jirani na Liège. Maneno "Browning's Patent" yanataja haki ya ubunifu wake. Tena, ukikuta "6.35 Browning", hilo ni jina la risasi, na 6.35 ni takriban unene wa kichwa chake kwa milimita. Ndiyo maana hata bastola za kuiga kutoka Eibar, Uhispania, zaweza kuwa na jina hilo. Soma jina la kampuni na la mji.

Namba ya mfululizo si mwaka. Kila kiwanda kilikuwa na hesabu yake.

"Ni urithi wetu." Kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti hupewa mtu; hakirithiwi pamoja na sanduku. Jirani alipiga simu kituoni, askari wakaja kuichukua. Kabla hawajafika, wanawe waliniomba niwachoree nilichokiona, nami nikawachorea daftarini: taji, ELG, na kwenye mpini, herufi FN zilizosuguliwa na mkono wa babu yao.