Je, wajua kwa nini Wabelgiji walituachia Kifaransa na si Kiflamandi?

Mwulize mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika idara ya Kifaransa pale Lubumbashi kwa nini masomo yake yote, hata historia ya Kongo, anayapata kwa Kifaransa. Jibu halichelewi: tulitawaliwa na Wabelgiji, na Wabelgiji ni watu wa Kifaransa. Nusu ya kwanza haina ubishi. Nusu ya pili ndiyo yenye kasoro, na wanaoirudia si wanafunzi peke yao.

Wabelgiji wengi si watu wa Kifaransa. Zaidi ya nusu yao wako Flandria, upande wa kaskazini, na lugha ya nyumbani kwao ni Kiholanzi, ambacho sisi Kongo tumezoea kukiita Kiflamandi. Kifaransa ni cha kusini, Walonia. Mji mkuu, Brussels, una lugha zote mbili, na mashariki kuna kipande kidogo cha watu wa Kijerumani, lugha ya tatu rasmi ambayo hata wenyewe karibu huisahau. Wala hali hiyo si ya juzi: Waflamandi walikuwa wengi hata Ubelgiji ilipojitenga na Uholanzi mwaka 1830. Kama wingi wa watu ndio ungeamua, leo mtihani wa serikali ungefanyika kwa lugha ya Antwerp, mji wa Flandria.

Na si kwamba Kiflamandi hakikufika huku. Familia ikiwa na mzee anayetunza sarafu za zamani, mwombe ile ya faranga 2 ya mwaka 1943. Ni ya manjano, ina pembe sita na picha ya tembo, na jina la benki limeandikwa mara mbili: Kifaransa, kisha Kiflamandi. Stempu za posta nazo zilikuwa hivyo hivyo, Congo Belge na Belgisch Congo. Lugha ilipita mikononi mwa watu kila siku bila kufika mdomoni.

Kisa kinaanzia kwenye kifungu kimoja cha sheria. Ubelgiji ilipoichukua Kongo kutoka kwa mfalme wake Leopold II mwaka 1908, ilitunga sheria ya tarehe 18 Oktoba inayojulikana kama Mkataba wa Koloni. Kifungu cha 3 kilisema kwamba matumizi ya lugha ni hiari. Kiliongeza kwamba amri na kanuni za jumla zitatolewa kwa Kifaransa na Kiflamandi, maandishi yote mawili yakiwa rasmi, na kwamba kabla ya miaka mitano kwisha zitakuja amri za kulinda haki za lugha za Wabelgiji na Wakongo mbele ya serikali na mahakama. Miaka mitano ilipita. Katika miaka ya 1950 Waflamandi wa koloni walikuwa bado wanadai haki hizo.

Ukisoma kifungu hicho haraka unaona usawa. Tatizo liko kwenye neno hiari, ambalo lilitoka moja kwa moja katika Katiba ya Ubelgiji ya 1831.

Tuliangalie neno hilo kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Mama anayeuza samaki wakavu yuko huru kupokea faranga za Kongo au dola. Hakuna anayemlazimisha, na wateja wake wengi humlipa faranga. Ila mwenye nyumba yake anataka kodi kwa dola, na garanti ya miezi kadhaa alitaka kwa dola vilevile. Basi kila mwezi mama huyo anakwenda kwa mbadilisha fedha. Akiendelea hivyo mwaka mzima, anaanza kutaja bei ya gunia kwa dola tangu mwanzo, ajiepushe na hasara ya kubadilisha. Faranga haikupigwa marufuku na mtu yeyote. Ni halali, ina picha nzuri, inatosha kununulia nyanya. Lakini akiba anaiweka kwa dola, na mtoto wake anayemtazama anajifunza pesa ya kutafuta ni ipi. Palipo na uhuru wa kuchagua, anayeamua ni yule anayepokea malipo makubwa.

Katika Ubelgiji ya karne ya 19, mwenye nyumba huyo alikuwa serikali yenyewe: wizara, mahakama za juu, uongozi wa jeshi, vyuo vikuu. Vyote vilidai Kifaransa. Hata matajiri wa Flandria waliongea Kifaransa mezani na kuwaachia watumishi Kiflamandi. Maurice Maeterlinck alizaliwa mwaka 1862 huko Ghent, Flandria hasa, lakini aliandika kwa Kifaransa na kupata Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1911. Mwanafunzi anayekutana naye kwenye kozi ya fasihi ya Kifaransa ni rahisi kumdhania mtu wa Walonia.

Sheria ya kuzipa lugha mbili hadhi sawa ilipita mwaka 1898, miaka 13 baada ya Leopold kuanzisha utawala wake Kongo. Chuo Kikuu cha Ghent kilisubiri hadi 1930 ndipo kikawa cha Kiholanzi. Maana yake ofisi za Kongo zilifunguliwa na kupangwa wakati ambapo Mflamandi mwenyewe, akitaka cheo, alilazimika kubadilisha noti.

Shule zilifuata njia ya pembeni kidogo. Si kweli kwamba wakoloni walimwaga Kifaransa kila darasa. Shule nyingi za msingi zilikuwa za misheni, na misheni zilianza na lugha za Kiafrika. Kwa Katanga, huku kwetu Lubumbashi, mara nyingi ilikuwa Kiswahili. Kifaransa kilibaki cha wachache waliosonga mbele, wakawa makarani, walimu na wauguzi, na uhaba huo ulikipandisha thamani. Mapadri wengi walikuwa Waflamandi, na baadhi yao, kama Gustaaf Hulstaert wa Mbandaka aliyeanzisha jarida la Aequatoria mwaka 1937 pamoja na Edmond Boelaert, walizitetea lugha za Kiafrika kwa moto uleule waliotetea nao lugha yao. Isichukuliwe kwamba kila padri Mflamandi alikuwa Hulstaert.

Kioja ninachokipenda zaidi ni cha Katanga. Placide Tempels, Mfransisko Mflamandi aliyeishi kati ya Waluba, aliandika kitabu chake cha falsafa ya Kibantu kwa Kiflamandi. Kilichotangulia kutoka kama kitabu ni tafsiri ya Kifaransa, iliyochapishwa Elisabethville, yaani Lubumbashi hii hii, mwaka 1945. Maandishi asilia yalitoka Antwerp mwaka uliofuata. Wasomi wa Kiafrika wamebishana nacho tangu hapo, na karibu wote wamebishana na tafsiri.

Wasomi Wakongo wa wakati ule, walioitwa evolue, nao waliona dirisha la kulipia liko wapi. Jarida lao, La Voix du Congolais, lililoanza mwaka 1945, lilikuwa la Kifaransa. Wanaharakati wa Kiflamandi walipotaka lugha yao ifundishwe pia kwa wanafunzi Wakongo, katika miaka ya 1950, wengi wa evolue walikataa. Chuo kikuu cha serikali kilifunguliwa Elisabethville mwaka 1956, uhuru ukaja 1960, Kifaransa kikabaki. Katiba ya 2006 inakitaja kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa.

Alama ya Ubelgiji bado inasikika matokeo ya mwaka yanapotangazwa. Asilimia 70 ndiyo inayofungua mlango wa distinction, yaani kufaulu kwa heshima, na hapa Lubumbashi hutamkwa septante, si soixante-dix ya Paris. Usidhani septante ni Kiflamandi kilichojificha. Ni Kifaransa cha zamani, kilichotumika Ufaransa yenyewe kabla ya Paris kukiacha, na Uswisi bado wanacho. Ajabu ni kwamba kwenye 80 Wabelgiji husema quatre-vingts kama Wafaransa, nasi tukawafuata. Kwa hiyo distinction yetu huanza kwa Kifaransa cha Brussels, na grande distinction, inayoanzia 80, huanza kwa kile cha Paris.