Filamu huru haijitafutii watazamaji

Kwa miaka mingi imeaminika kwamba filamu huru, yaani iliyotengenezwa nje ya studio kubwa, ikiwa nzuri itajiuza yenyewe, na mfano unaotajwa mara kwa mara ni The Blair Witch Project ya mwaka 1999, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo ikaingiza zaidi ya dola milioni 240. Mfano huo unathibitisha kinyume chake. Tovuti yake ilifunguliwa mwaka 1998, kabla filamu haijaonyeshwa katika tamasha la filamu la Sundance, Marekani, Januari 1999, ikieneza kisa cha wanafunzi waliopotea msituni kana kwamba ni cha kweli (mbinu ambayo, kwa maoni yangu, ina walakini wa kimaadili), hivyo ilipofika kumbini ilikuta watu wakiingoja. Tena msambazaji aliyeinunua aliitangaza kwa fedha nyingi kuliko zilizoitengeneza.