Mbegu za Kiume Haziozi Mwilini Baada ya Vasektomi

Wanaume wengi wa Kisumu, wawe sokoni Kibuye au kwenye steji za bodaboda, huambiana kwamba aliyefanyiwa vasektomi, yaani upasuaji wa kufunga uzazi wa mwanamume kwa kukata mirija inayopitisha mbegu, hubaki na mbegu zinazooza ndani na kuutia mwili sumu. Hofu hiyo inaeleweka, lakini haina ukweli.

Korodani huendelea kutengeneza mbegu hata mirija ikikatwa. Zinapokosa njia, huzeeka na kuvunjika ndani ya epididimisi, ule mrija mwembamba uliojikunja nyuma ya korodani, ambako chembe za kinga ziitwazo makrofaji huzimeza na kuzimeng'enya. Wakati mwingine mbegu huvuja penye mkato, chembe hizo zikazizunguka, kikatokea kinundu kidogo ambacho kwa kawaida hakina madhara, ingawa wengine huhisi maumivu.

Suala la kingamwili, yaani protini ambazo mfumo wa kinga hutengeneza kupambana na vitu vigeni, ndilo linalostahili maelezo zaidi. Mbegu huanza kutengenezwa wakati wa kubalehe, mfumo wa kinga ukiwa umekwisha kujifunza kuzitambua chembe za mwili wake, na kwa hiyo hutengwa na damu kwa ukuta maalumu. Zikivuja, kinga huziona ngeni, na wanaume wengi waliofanyiwa upasuaji huu hupata kingamwili dhidi yake. Hizo hulenga mbegu, si moyo wala viungo vingine. Majaribio ya nyani ya miaka ya 1970 yalizua wasiwasi kuhusu mishipa ya damu, ila tafiti kubwa za wanaume hazikuuthibitisha. Kingamwili hizo zinaweza, hata hivyo, kupunguza uwezekano wa kupata mtoto kwa anayetaka mirija iunganishwe tena, na hilo ni lazima mwanamume aelezwe waziwazi kabla ya kutia sahihi.