Waridi la Mihuri Mitatu: Kivuli Kinavyozaliwa kwenye Kadi ya Mkono

Mteja mmoja aliyekuja kuchukua kadi zake za Idi alipitisha kidole juu ya waridi lililokuwa kwenye kadi ya kwanza, kisha akaniuliza, "Dada, hili ua umelibandika?" Sikuwa nimebandika chochote. Ilikuwa karatasi tupu na wino wa rangi mbili uliopigwa kwa mihuri mitatu, na kile alichokuwa akikitafuta kwa kidole kilikuwa kivuli tu. Kwa kuwa swali hilo huulizwa hapa kwangu Dar es Salaam karibu kila msimu wa sikukuu, nimeona nieleze kivuli hicho hutoka wapi.

Mihuri ya matabaka huuzwa ikiwa seti. Mhuri wa kwanza hubeba umbo zima la ua, bila mistari yoyote ndani yake. Wa pili hubeba sehemu za petali zilizo mbali na mwanga. Na wa tatu hubeba mikunjo ya ndani pamoja na mianya myembamba baina ya petali moja na nyingine. Kila mmoja ukipigwa peke yake hauna maana, na huo wa tatu hasa hufanana na wino uliomwagika kwa bahati mbaya. Maana hupatikana pale tu unapopigwa mmoja juu ya mwingine, tena kwa mpangilio wa kutoka rangi iliyofifia kwenda rangi iliyokoza.

Mpangilio huo hautokani na mazoea, bali na tabia ya wino wenyewe. Wino ninaoutumia kwa maua ni ule mwepesi unaonyonywa na nyuzi za karatasi. Hukauka haraka na huonyesha kilicho chini yake, kwa hiyo tabaka la pili halilifuniki la kwanza bali hujumlishwa nalo. Ukianza na rangi iliyokoza, tabaka jepesi litakalofuata halitaonekana kabisa. Upo pia wino mzito ambao chembe zake hubaki juu ya karatasi, nao ni mzuri kwa maandishi, ila kwa waridi siupendi: hufunika badala ya kujumlisha, na katika hewa ya pwani hukauka kwa mwendo wa kinyonga. Mwaka mmoja wakati wa masika nilizipanga kadi arobaini za wino huo moja juu ya nyingine baada ya saa moja tu, nikadhani zimekauka, na nilipozifungua kila kadi ilikuwa imepata waridi la pili mgongoni.

Kosa ninaloliona zaidi kwa wanaoanza ni kuchagua rangi tatu zisizo na udugu: pinki, nyekundu ya bendera na damu ya mzee. Jicho huziona kama vipande vitatu vilivyowekwa pamoja, wala halioni ua moja lenye mviringo. Rangi hizo zinapaswa kuwa za tumbo moja, na tabaka la kwanza linapaswa kufifia kiasi kwamba ukiliangalia peke yake utadhani umekosea. Hilo ndilo tabaka linalofanya kazi kubwa kuliko mengine, kwa sababu ndilo litakalobaki wazi mahali ambapo mwanga unagusa petali. Likikoza tangu mwanzo, hakuna wino wowote duniani utakaourudisha mwanga huo.

Ndiyo maana pedi mbili za wino hunitosha kwa mihuri mitatu. Mhuri wa kwanza naugusisha kwenye pedi ya pinki, nauchapa kwanza kwenye karatasi chakavu ili upunguze wino, kisha nauchapa kwenye kadi bila kuurudisha kwenye pedi. Mhuri wa pili naupaka pinki hiyohiyo na kuuchapa moja kwa moja. Wa tatu ndio unaopata pedi ya pili, iliyokoza.

Kulinganisha mihuri ni tatizo la kale. Mnamo 1765, wakati picha za rangi nyingi za msanii wa Japani, Suzuki Harunobu, zilipotokea Edo, mji ambao leo ni Tokyo, kila rangi ilikuwa na ubao wake wa mti uliochongwa, na kila ubao ulikuwa na alama mbili zinazoitwa kento: moja ya pembe na nyingine ya mstari ulionyooka. Mchapaji alikuwa akiitegesha karatasi kwenye alama hizo kila alipobadili ubao, na rangi zikaangukia mahali pake. Mimi nimebandika mezani pembe ya manila iliyokatwa wima, nayo ndiyo kento yangu. Kwa mihuri ya plastiki angavu, inayobandikwa kwenye kibao kinachoonyesha chini, ninaongeza jambo moja: nachagua ncha ya petali moja na kuilinganisha hiyo tu, huku nikitazama kutoka juu kabisa, kwani ukitazama kwa ubavu jicho litakudanganya kwa milimita moja au mbili.

Wachapaji hao wa Japani walikuwa pia na ufundi wa bokashi, ambapo wino ulififishwa kwa brashi kwenye ubao uliolowa, na anga likatoka limekoza juu na kuyeyuka kuelekea chini. Usuli wa kadi zangu, yaani eneo linalozunguka ua, hufuata wazo hilohilo, ila kwa ukavu. Kwanza nalikinga ua: nalichapa tena kwenye karatasi nyembamba yenye gundi hafifu, nalikata ndani kidogo ya ukingo wake, kisha nalibandika juu ya ua lenyewe. Ukikata nje ya ukingo utapata duara jeupe kuzunguka ua, na kadi nzima itaonekana kama stika. Kisha nachukua brashi ya nyuzi laini zilizosongamana, naianzisha nje ya kadi kwenye karatasi chakavu, na kuingia kwa mizunguko midogo bila kukandamiza. Upande ulio mbali na mwanga, chini ya petali, napita mara tatu au nne zaidi kwa rangi ileile ya usuli. Wino mweusi siugusi hapo, kwa sababu kivuli cheusi hufanya ua lionekane limeungua.

Karatasi iwe nyororo, isiyong'aa, ya gramu 300 hivi kwa mita ya mraba. A4 moja ikikatwa katikati hutoa A5 mbili, na kila moja ikikunjwa huwa kadi ya A6 inayoingia vizuri kwenye bahasha ya C6. Napiga mihuri kabla ya kukunja.

Wino huu mwepesi una udhaifu mmoja ambao ni lazima mteja aambiwe: jua huufifisha, na tabaka la kwanza, lenye wino haba, ndilo hutangulia kutoweka. Kwa hiyo mtu akisema ataitia kadi kwenye fremu ya sebuleni, humuuliza kwanza dirisha liko upande gani.