Pikapu ikikosa nguvu mlimani sio lazima injini imekufa

Pikapu ya dizeli ikianza kuchoka mlimani tu, utasikia "injini imeisha hiyo, ishushwe". Ngoja kwanza. Injini iliyoisha kweli inakusumbua hata tambarare, asubuhi inawaka kwa shida, inakula oili, ukifungua kifuniko cha oili ikiwa inaunguruma inapumua moshi kwa nguvu. Kama yako inawaka fresh na tambarare inakimbia, anza na filta ya dizeli, mara nyingi mchawi ndo huyo. Tambarare injini inataka mafuta kidogo kwa hiyo filta iliyoziba nusu bado inatosha, ukikanyaga mlimani inataka mengi, hayapiti, gari inalegea. Badilisha, mwaga na maji yaliyotuama chini ya filta, halafu toa upepo ulioingia kwenye njia ya mafuta kwa ile pampu ndogo ya mkono mpaka iwe ngumu.

Angalia na moshi. Mweusi mzito mara nyingi maana yake mafuta yapo ila hewa haitoshi, cheki filta ya hewa, na kama ina tabo (turbo, kile kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada) pitisha mkono kwenye mipira ya hewa kati ya tabo na injini (zima kwanza ipoe jamani), pale palipochanika huwa pana utelezi wa oili. Haivuti na moshi hamna, rudi kwenye mafuta.

Halafu kuna ile injini inapandisha mlio lakini gari haiongezi mwendo, hiyo klachi inateleza, ukiishusha injini hapo unalipia bure.