Kamera ya mkono na otomatiki: yanayosemwa na yalivyo

Ukipita Mwanga au Ujiji, huku Kigoma, na kamera ya mkono shingoni, ile ya filamu unayoipangia mwanga na fokasi mwenyewe, hukosi wa kukusimamisha. Mmoja atasema dude hilo lingewekewa otomatiki kama simu. Mwenzake atamkatiza: kamera ya mkono ikishaguswa na umeme, imekwisha. Wote wawili wameteleza.

Dhana: otomatiki ni mambo ya juzi.
Kodak ilitoa Super Six-20 mwaka 1938, kamera iliyojipangia mwanga yenyewe kwa seli ya seleniamu, inayohisi mwanga. Leica M3, ambayo wengi huiona babu wa kamera na haina hata kipima mwanga, ni ya 1954.

Dhana: ukiweka otomatiki, mkono umekufa.
Nikon FM3A ya 2001 ukiiweka kwenye A, alama ya otomatiki, inajichagulia kasi ya shata, yaani muda wa kuingiza mwanga. Betri ikifa, kasi zote kuanzia sekunde 1 hadi 1/4000 zinaendelea kwa springi. Hapo sina ugomvi.

Dhana: mashine inaujua mwanga kuliko mtu.
Hapa ndipo watu wanapoumia. Kipima mwanga hakijui dagaa wala harusi. Kinapima mwanga unaokifikia, na kimetengenezwa kudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Nenda ufukweni Kibirizi saa nne asubuhi, dagaa wameanikwa wanameta. Kamera itaona mwanga umezidi, itaubana. Dagaa watatoka kijivu na mama anayewageuza atageuka kivuli. Ongeza stopu moja (yaani mwanga mara mbili) au moja na nusu juu ya inavyokuambia. Hifadhi ya Gombe ni kinyume chake: sokwe mweusi akijaa kwenye fremu, kamera inadhani giza limeingia, inaongeza mwanga, na manyoya yanatoka rangi ya majivu. Huko unapunguza.

Mimi niliwahi kuiamini A filamu nzima, picha 36, kwenye harusi ya binamu yangu. Shela ikatoka kama haijafuliwa. Shangazi hadi leo akinikaribisha chai huuliza kwanza kama nimekuja na kamera.

Dhana: fokasi ya otomatiki ni kuongeza kidude tu.
Kipima mwanga na A niwekeeni, nitavitumia nikivihitaji. Fokasi ya otomatiki, kamera kujitafutia ukali wa picha, ndiyo siitaki. Inadai mota, vihisi na umeme wa kutosha, na mara nyingi mdomo mpya wa lenzi, pale inapoungana na kamera. Minolta ilipoleta kamera ya fokasi ya otomatiki, 7000, mwaka 1985, lenzi zake za zamani hazikuingia. Canon nayo ikabadilisha mdomo mwaka 1987 kwa lenzi za EF, na wenye lenzi zake za zamani, za FD, wakabaki wamezishika mkononi. Mtu aliyenunua lenzi tatu kwa fedha ya mawese ya msimu mzima, utamwambia nini?

Tena kwa kazi nyingi za huku hata haihitajiki. Chukua lenzi ya milimita 35, weka kitundu cha kupitishia mwanga f/8 na umbali wa fokasi mita 5. Kuanzia mita 2 na nusu mbele yako mpaka milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, vyote vinatoka vikali, na hujagusa pete ya fokasi tena tangu ulipotoka nyumbani.